Kumshuhudia Kristo kwa mpango: mwaloni, sokoni na kwenye daladala za Mwanza

Wakristo wengi husema watashuhudia nafasi ikijitokeza. Nafasi hujitokeza mara chache, na ikijitokeza inamkuta mtu hajaandaa neno. Kushuhudia kwa kusudi ni kujua mambo manne kabla hujatoka nyumbani: unamwombea nani, anapumzika saa ngapi, utaanza na neno gani, na utarudi kwake lini. Kuugeuza moyo ni kazi ya Roho Mtakatifu. Haya manne ni kazi yetu, na mtu akiyapuuza asiseme ni Mungu hakufungua mlango.

Daftari la majina matano

Nunua daftari dogo. Andika majina matano ya watu unaokutana nao angalau mara moja kwa wiki bila kupanga safari: jirani wa chumba cha pili, mama anayekuuzia mboga Igoma, bodaboda wako wa asubuhi, mwenzako wa kikoba, shemeji yako. Kila mmoja apate ukurasa wake. Humo andika watoto wake, kazi yake, na jambo linalomnyima usingizi kama amekuambia mwenyewe. Waombee kila siku kwa majina. Dakika tano zinatosha.

Kwa nini watano tu? Ukiandika thelathini utaishia kusema "Bwana, wabariki wote", na hutakumbuka kwamba mtoto wa huyu amelazwa hospitali ya Bugando tangu Jumanne. Daftari likae ndani, tena mahali pa siri. Mambo ya watu yakionekana na mgeni mmoja tu, umepoteza watano wote.

Usimchukulie mtu kana kwamba ndiyo kwanza anasikia jina la Yesu. Misheni ya Bukumbi, kusini mwa Mwanza, ilianzishwa na White Fathers, wamisionari wa Kikatoliki, mwaka 1883. Huko Nassa, mashariki mwa Mwanza, Africa Inland Mission, shirika la wamisionari wa Kiprotestanti, ilianza kazi mwaka 1909, ikipokea kituo kilichoachwa na Waanglikana. Kwa hiyo huyo Petro anayesukuma mkokoteni Kirumba huenda babu yake alikuwa katekista. Muulize: "Nyumbani kwenu mlikuwa mnasali wapi?" Swali hili halimkwazi mtu. Jibu lake litakuonyesha kama unazungumza na Mwislamu, na mtu aliyebatizwa utotoni akaacha, na aliyeumizwa na kanisa, au na anayefuata mambo ya mababu. Kila mmoja ana mlango wake.

Saa ya mtu ndiyo saa yako

Hapa ndipo mashahidi wengi wa kando ya ziwa hukosea. Wanakwenda mwaloni, yaani ufukweni mitumbwi ya uvuvi inapofikia, Jumapili mchana baada ya ibada kwa sababu wao ndio wana nafasi, wanawakuta vijana wamelala, wanarudi wakisema wavuvi wana mioyo migumu. Wavuvi wana usingizi.

Dagaa huvuliwa gizani kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu taa hazina nguvu, dagaa hawakusanyiki, na mitumbwi hukaa nchi kavu kwa siku saba hadi kumi hivi. Kwa mvuvi wa dagaa, hizo siku za mbalamwezi ndizo Jumapili zake. Tafuta kalenda inayoonyesha mwezi mpevu, uziwekee alama siku hizo kwa miezi mitatu ijayo. Usiende siku ya kwanza wala ya pili, kwa sababu mara nyingi ndipo mahesabu hupigwa, fedha hugawanywa na pombe hunywewa. Nenda kuanzia siku ya tatu, saa nne asubuhi, wakati watu wanashona nyavu na kutengeneza injini. Kaa chini nao. Mtu anayeshona wavu mikono yake ina kazi lakini masikio yake yako huru, na ukimya kati yenu haumtii mtu aibu.

Siku za giza, mitumbwi inarudi alfajiri, samaki wanauzwa, halafu watu wanalala hadi mchana. Ukilazimika kwenda, nenda baada ya saa tisa, uwe umeondoka kabla hawajaanza kupakia taa. Wavuvi wa sangara hawafuati sana ratiba hii, waulize wenyewe.

Akina mama wanaoanika dagaa wana saa yao pia. Asubuhi wanatandaza, jua likikolea wanageuza, mawingu yakitanda wanakimbilia kuokota maana mvua ikinyesha hasara ni yao. Usimsimamishe mama mwenye dagaa juani ili umsomee mistari. Shika fagio, geuza naye safu mbili, ndipo mzungumze mkiwa kazini. Yesu mwenyewe, kule kisimani Samaria, alianza kwa kuomba maji, yaani aliingia kupitia kazi ambayo yule mama alikuwa amekuja kuifanya.

Salamu isikatwe. Kwa Msukuma mtu mzima, "Mwangaluka" ya asubuhi au "Mwadila" ya baadaye hufuatwa na habari za nyumbani, watoto na mifugo. Kuruka hapo ni dharau. Kijana akimwendea mzee, shikamoo kwanza, kisha aombe ruhusa: "Baba, naweza kukaa kidogo?" Ukivuka kwenda Ukerewe, usimsalimie kila mtu Kisukuma, wenyeji wana Kikerewe na Kijita. Kiswahili kitakutosha hadi ujue.

Ushuhuda wa dakika tatu

Uandike kwanza. Maneno 250 hadi 300, kama ukurasa mmoja na nusu wa daftari, ukisomwa kwa sauti ya kawaida ni dakika tatu. Uwe na sehemu tatu: hali ilivyokuwa, Yesu alivyoingia, na kilichobadilika ambacho mke, mume au majirani wanaweza kukithibitisha. Kisha chukua kalamu nyekundu, ufute maneno yote ambayo mtu hayasikii nje ya kanisa.

Kazi hii ina uzito wake. Chukua sentensi ambayo huzungumzwa kila Jumapili: "Nilikuwa kifungoni, nikaoshwa kwa damu ya Mwanakondoo." Mkristo anasikia Kalvari. Jirani aliyekulia kwenye matambiko anasikia damu na mnyama, na akili yake inakwenda moja kwa moja kwenye kafara ya mganga. Anaweza kukuuliza, kwa nia njema kabisa, kondoo alikuwa wa rangi gani. Sema hivi badala yake: "Nilikuwa namdanganya mke wangu kuhusu fedha za mauzo. Nikasoma kwamba Yesu alikufa kwa ajili ya waongo kama mimi. Nikamwomba msamaha, halafu nikaenda kumwambia mke wangu kiasi halisi." Habari ya damu itakuja baadaye, mkifika Waebrania sura ya 10, na itakuja kwa nguvu: sadaka ilitolewa mara moja tu, hakuna tena anayedaiwa kuku wala mbuzi.

Msomee mtu mmoja wa kanisani asiye na haya, akuambie palipomchosha. Mara nyingi ni sehemu ya kwanza: watu hupenda kusimulia dhambi zao kwa urefu na wokovu kwa sentensi moja. Dhambi ichukue nusu dakika.

Ushuhuda huu hauendi mbali kama vipimo vyako vina mashaka. Ukiuza dagaa waliochanganyika na mchanga, au ndoo yako imebonyezwa chini, mteja ameshasikia mahubiri yako. Mithali 11:1 inasema mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana. Sahihisha ndoo kwanza. Deni la kikoba nalo lilipwe kabla hujamkaribisha mweka hazina kanisani.

Swali moja, sala fupi

Mazungumzo yakifika kwenye shida, uliza: "Ungependa nikuombee jambo gani?" Akikutajia, ombea palepale kwa sauti ya chini, nusu dakika hadi dakika moja, kwa maneno ya kawaida. Usimwekee mikono mama au binti usiyehusiana naye. Usikemee pepo mbele ya watu kwa mtu aliyekuambia anaumwa kichwa. Andika ombi na tarehe, na ndani ya siku saba rudi umuulize limefikia wapi. Wengi huombea, wanaorudi kuuliza ni wachache sana, na huko kurudi ndiko hufungua mazungumzo ya kweli.

Usiahidi uponyaji, mume, wala samaki wengi. Na hili lizingatiwe bila mjadala: usimwambie mtu yeyote aache dawa, iwe ARV (dawa za virusi vya UKIMWI), dawa za kifua kikuu, za kisukari au za presha. Anayeacha ARV kwa neno la shahidi, virusi vinaongezeka tena mwilini na vinaweza kuwa sugu kwa dawa. Muombee, na umsindikize kliniki siku yake.

Kwenye daladala ya Buhongwa usihubirie gari zima. Abiria hana pa kushuka, na kumlazimisha mtu asikilize si kumshuhudia Kristo. Zungumza na wa pembeni yako, akigeukia dirishani umwache. Katiba yetu, ibara ya 19, inasema kutangaza dini ni huru na ni jambo la hiari ya mtu binafsi. Hiari hiyo ni yake pia. Kwa rafiki Mwislamu, eleza unachokiamini wewe kuhusu Yesu. Usiguse Mtume wake wala Kitabu chake kwa kejeli. Sheria inakataza kuumiza kwa makusudi hisia za dini ya mtu, na 1 Petro 3:15 inataka tujibu "kwa upole na kwa hofu". Mtoto usimfundishe bila mzazi kujua.

Akisema yuko tayari kusoma

Marko ina sura 16. Sura moja kwa wiki ni miezi minne. Kwa mtu wa ziwani, tangulieni na masomo matatu anayoyajua kwa mwili wake: Luka 5:1–11, usiku mzima bila samaki, Marko 4:35–41, dhoruba, Yohana 21:1–14, moto wa makaa ufukweni. Baada ya kila somo uliza: umeona nini kuhusu Yesu, umeona nini kuhusu watu, utafanya nini kabla hatujaonana tena. Halafu nyamaza. Mvuvi atakueleza kuhusu dhoruba ile mambo ambayo hukuwahi kuyasikia mimbarini, kwa mfano namna mtu anavyoweza kulala kwenye tezi, yaani sehemu ya nyuma ya chombo, maji yakikijaa, na kwa nini hakuna mvuvi anayelala hivyo. Kama hasomi vizuri, weka Biblia ya sauti kwenye simu yake. Pakua ukiwa mjini, visiwani mtandao husumbua.

Siku akikubali kuja ibadani, usimpe anwani. Mfuate kwake, mwende pamoja, kaeni viti vya nyuma karibu na mlango. Mwambie njiani ibada itachukua saa ngapi, watu watasimama lini, na kwamba kapu la sadaka likipita mgeni hadaiwi kitu. Ongea na mchungaji mapema asimsimamishe mbele kujitambulisha. Akiuliza kama anaweza kuja na ndala, mjibu ndiyo, na wewe siku hiyo uvae ndala.