Kuhama Photoshop na wenzake bila kupoteza kazi zako: anza na mafaili, programu baadaye

Wengi wakichoka kulipia programu kila mwezi wanafanya hivi: wanasitisha malipo, wanashusha GIMP (programu ya bure ya kuhariri picha), wanaifungua, hawaoni kitu wanachokijua, wanaifunga, na baada ya siku chache wamerudi kulipa au wametafuta ile ya kukreki iliyojaa virusi. Alafu lawama zote inabeba programu mpya wakati shida ilikuwa namna ya kuhama. Ukianza na mafaili, ukahamisha aina moja ya kazi kwa wakati mmoja na sio kila kitu siku moja, inawezekana kabisa.

Kwanza tuelewane, bure na huria ni vitu viwili. DaVinci Resolve, ya kuedit video, ina toleo la bure na ni zuri sana, ila kodi yake (maandishi ya ndani yanayoiunda programu, sio ushuru) imefungwa, mwenyewe akiamua kubadili masharti kesho huna la kusema. GIMP, Krita (ya kuchora), Blender (ya katuni na 3D), Inkscape (ya logo na mabango), hizi ziko chini ya leseni ya GPL, kodi iko wazi na hakuna anayeweza kuja kukudai matoleo uliyonayo. Na hapana, GPL haigusi kazi yako. Logo uliyochora Inkscape ni mali yako, iuze unavyotaka, wala hulazimiki kutaja umetumia nini.

Toa vitu vyako leseni ikiwa bado hai

Hapa usiparuke. Adobe, wenye Photoshop, walihamia kwenye malipo ya mwezi mwaka 2013, na tangu hapo ukiacha kulipa, faili linabaki kwenye diski yako ila programu ya kulifungua haikubali tena. Kwahiyo kabla hujasitisha chochote, kaa chini utoe nakala.

Za Illustrator (ile ya logo na michoro) zitoe kama SVG, faili la michoro linalofunguka kwenye programu nyingi, na PDF, zote mbili. Inkscape inaweza kufungua faili la AI lakini ni pale tu lilipohifadhiwa likiwa na PDF ndani yake, na wewe hukumbuki miaka mitatu nyuma uliweka tiki au hukuweka, so usibahatishe. Za InDesign (ile ya kupanga kurasa) zitoe kama IDML, hiyo Scribus, mwenzake huria, inaisoma japo mpangilio utayumba hapa na pale, na ongeza PDF ili uwe na ushahidi kazi ilikuwa inaonekanaje. INDD, yaani faili la InDesign lenyewe, sahau.

PSD, yaani mafaili ya Photoshop, zina nafuu kwa sababu GIMP na Krita zote zinazifungua, leya zinakuja, maski zinakuja. Ila zile leya za kurekebisha rangi, smart object na efekti za leya usizitegemee kwamba zitafika salama. Kazi ambayo mteja anaweza kuirudia, toa na TIFF au PNG yake iliyokamilika uiweke pembeni.

Na fonti! Hili ndo linalowaumiza watu na hamna anayelisema. Fonti za Adobe zinazokuja na malipo yako zinaondoka na malipo yako, utafungua PSD ukute maandishi yamebadilika sura yote, bango limeharibika. Andika majina ya fonti kwenye faili dogo la maandishi kwenye folda ileile ya kazi, na logo zote geuza maandishi yawe mistari kabla ya kutoa SVG. Za kuanzia upya zipo Google Fonts, nyingi zina leseni huria ya OFL inayoruhusu kazi za biashara.

Wapiga picha, ndani ya Lightroom Classic (ya Adobe ya kupanga na kusahihisha picha) chagua picha zote ubonyeze Ctrl+S, itaandika nyota na maneno yako ya kutafutia kwenye XMP (maelezo yanayoambatana na picha), na hayo darktable, programu huria ya picha, inayasoma. Rangi ulizosahihisha hazitakuja zilivyo maana kila programu inachakata RAW (picha ghafi ya kamera) kwa hesabu zake. Zile picha unazozipenda kabisa zitoe TIFF ya biti 16 mapema.

Video usihamishe. Projekti ya Premiere (ya Adobe ya video) haifunguki kwenye Kdenlive, programu huria ya video, kwahiyo ulizoanza zimalizie kulekule, mpya ndo uanzie huku.

Uliza kazi, usiulize mbadala

"Mbadala wa Photoshop ni ipi" ni swali linalokupoteza, kwa sababu Photoshop moja unaifanyia kazi tano na huku kila kazi ina programu yake. Kusafisha na kuunganisha picha ni GIMP. Kuchora kwa kalamu na brashi ni Krita, tena mtu anayejilazimisha kuchora katuni kwenye GIMP anajitesa bure. Logo na mabango yenye maandishi mengi ni Inkscape. RAW ni darktable, au RawTherapee ukiona darktable ina vitufe vingi mno (inavyo).

GIMP, shusha toleo la 3.0 kwenda juu. Lilitoka Machi 2025 na ndo lililoleta filta zisizochoma picha moja kwa moja, yaani umeweka ukungu leo, kesho unarudi kuupunguza. Ukikuta somo la video limetumia 2.8 au 2.10 jua nusu ya malalamiko utakayosikia humo yameshapitwa. Vitu vitatu vitakusumbua siku za mwanzo. Ctrl+S inahifadhi XCF tu, yaani faili la GIMP lenyewe, ukitaka JPEG au PNG ni Ctrl+Shift+E, na watu wanadhani programu imeharibika kumbe ndo ilivyo. Pili, P huku ni brashi na B ni kalamu ya njia, kinyume kabisa na ulivyozoea, unaweza kuzibadilisha kwenye mipangilio ya kibodi na mimi nasema zibadilishe tu, hakuna medali ya kuteseka. Tatu, ukipotea bonyeza alama ya / uandike unachotafuta, inakuletea zana ilipo.

Krita ukiishusha kwenye tovuti yao ni bure, ukiikuta Steam au Microsoft Store inauzwa, ni programu ileile ila hela inaenda kwa wanaoitengeneza. Sio utapeli.

Sasa suala la kuprinti. Inkscape inafanya kazi kwa RGB (rangi za skrini), ukiipeleka PDF yake mashineni hivohivo rangi zinaweza kutoka zimepauka au zimegeuka, alafu mtu anasema programu za bure hazifai. Njia ni kuchora vekta Inkscape, picha GIMP, alafu unakuja kuviunganisha Scribus ambayo inajua CMYK (rangi za wino wa kuprinti) na inatoa PDF/X ambayo watu wa mashine wanaitaka. Sura ya Scribus ni ya kizamani sijui niseme nini, ila ina kikaguzi kinachokimbia kabla ya kutoa PDF kinakwambia picha hii iko chini ya kiwango, maandishi haya yamefurika nje ya boksi. Hicho kikaguzi peke yake kinaokoa kazi nyingi. Muulize wa mashine anatumia profaili gani ya rangi, uiweke kabla hujaanza, sio mwishoni.

Video kwa Kdenlive, na kama kompyuta yako inahema ukiweka 4K, washa proksi kwenye mipangilio ya projekti: inatengeneza nakala ndogo za kuedit nazo, wakati wa kutoa inarudi kwenye zile kubwa zenyewe. Shift+R inakata pale ulipo. Hifadhi mara kwa mara, Kdenlive imetulia kuliko zamani lakini bado usiiamini kwa macho yaliyofumba.

Sauti, Audacity. Ukirekodi acha sekunde chache za kimya mwanzoni, maana ndo unazichagua ili programu isome kelele ya chumba, alafu unachagua rekodi yote unaondoa. Usiondoe kelele mpaka sauti ikawa kama ya mtu yuko ndani ya pipa, punguza kidogo tu. Malizia na kusawazisha ukubwa wa sauti, podikasti wengi wanaweka -16 LUFS, na hiyo namba lazima uiandike mwenyewe maana Audacity inakuja na -23.

Blender haihitaji kutetewa. Mwaka 2002 watu walichanga euro 100,000 ndani ya wiki saba kodi yake ifunguliwe, na mwaka 2025 filamu ya katuni kutoka Latvia iliyotengenezwa nayo ikachukua Oscar. Onyo moja tu, masomo ya kabla ya toleo la 2.8, lililotoka 2019, yaruke, menyu na hata kitufe cha kuchagulia vilibadilika utachanganyikiwa.

Zote hizi shusha kwenye tovuti zao wenyewe, gimp.org, krita.org, inkscape.org, blender.org na kadhalika. Ukitafuta tu kwenye intaneti tangazo la juu kabisa linaweza kuwa tovuti feki inayokupa GIMP na zawadi ndani yake.

Ambako bado kuna pengo

After Effects. Mtu asikudanganye, mbadala huria unaoifikia kwa michoro ya mwendo hakuna, Blender inafanya sehemu yake ila ni njia ndefu. Kama ndo mkate wako wa kila siku, baki nayo, lipia hiyo moja uachane na zingine. Pengo lingine ni timu inayopasiana PSD na INDD kila siku, hapo ukiwa peke yako umehama utakuwa unavunja kazi za wenzako.

Mteja naye muulize kabla hujachukua kazi: unataka faili la kuedit mwenyewe au PDF ya kuprinti? Akisema la kuedit, muulize atalifungulia kwenye programu gani, maana wengi hapo wanagundua hata hiyo Illustrator hawana.