Namna ya kumtambua mjusi islamu wa visiwani

Kwenye visiwa vya magharibi ya Bahari ya Hindi, kuanzia Pemba na Mafia hadi Ngazidja kwenye Komoro, Aldabra na Shelisheli, mijusi islamu ni wengi kuliko macho ya haraka yanavyoona. Wengi hukosea jina kwa sababu wameanza na rangi. Rangi iache mwisho. Anza na jicho, kisha miguu, kisha magamba.

Hakikisha kwanza kwamba ni mjusi islamu kweli. Magamba yake yanang'aa na yamepandana kama makuti ya paa, na ndani yake mna vipande vyembamba vya mfupa, ndiyo maana ukimshika unahisi mwili mgumu unaoteleza. Mjusi kafiri wa ukutani ana ngozi tepetepe yenye vipunje, na mara nyingi vidole vyenye vitanga vya kunatia. Guruguru naye anababaisha, maana magamba yake ni magumu pia, lakini ana mkunjo wa ngozi unaopita ubavuni kwa urefu. Mjusi islamu hana mkunjo huo.

Sasa jicho. Tumia lenzi inayokuza mara 10, au piga picha ya karibu ya kichwa kwa ubavu kisha uikuze kwenye simu. Kama hapepesi kabisa, na jicho limefunikwa na kiwambo angavu kama la nyoka, huenda umeshika jenasi (kundi la aina, yaani spishi, zinazokaribiana) iitwayo Cryptoblepharus. Jina hilo lenyewe, kwa Kigiriki, lina maana ya kope iliyofichika. Ni mjusi mdogo mwembamba, na kutoka ncha ya pua hadi tundu la haja kwa kawaida hazidi milimita 50.

Akipepesa, nenda kwenye miguu. Laza mguu wa mbele ubavuni ukielekea nyuma, na wa nyuma ukielekea mbele. Ikikutana au kupitana, huyo kwa visiwa vyetu huwa ni Trachylepis. Ikibaki nafasi kubwa katikati, na mwili ni mrefu wa mviringo kama kipande cha kamba nene, basi kwenye visiwa vya karibu na bara elekea kwenye Mochlus, anayeishi chini ya majani makavu na kwenye mchanga. Kipimo hiki humdanganya mtu akipimia jike mwenye mimba, maana tumbo limejaa na nafasi inaonekana kubwa kuliko ilivyo.

Magamba ya mgongoni ndiyo yanayotenganisha spishi za Trachylepis. Kila gamba lina mistari iliyoinuka, kama mkuku wa mashua. Ihesabu kwenye magamba ya katikati ya mgongo, wala si shingoni. Trachylepis striata, yule anayeota jua kwenye kuta na mapaa, kwa kawaida ana mikuku mitatu kwa kila gamba, na michirizi miwili ya rangi hafifu mgongoni. Trachylepis maculilabris huwa na mitano au zaidi, na midomo yenye madoa meupe. Wawili hawa wanakutana kwenye bustani moja Unguja, kwa hiyo usitegemee mahali ulipomwona. Uzazi nao ni kidokezo: striata huzaa watoto hai, maculilabris hutaga mayai.

Kwa Cryptoblepharus, nenda ufukweni wenye mawe ya matumbawe wakati maji yamekupwa, hasa siku za bamvua, maji yanapokupwa sana. Wanashuka hadi kwenye mwamba uliotoka kufunikwa na maji, wakitafuta wadudu na vidudu vya baharini, na bahari ikijaa wanapanda. Ukifika maji yamejaa, utasema hawapo.

Hapo ndipo uainishaji unapokuwa mtamu. Mwaka 1931 Mjerumani Robert Mertens aliwaweka karibu wote katika spishi moja, boutonii, ile iliyopewa jina mwaka 1831 kutokana na vielelezo vya Morisi, akawagawa kuwa nususpishi nyingi, yaani vikundi vidogo ndani ya spishi. Leo wengi wa hao wamepandishwa kuwa spishi kamili: africanus wa pwani ya Afrika Mashariki, ater wa Ngazidja, mohelicus wa Mwali (Mohéli), mayottensis wa Maore (Mayotte), aldabrae wa Aldabra. Ater kwa Kilatini ni mweusi, na kweli mjusi huyo ni mweusi kama mawe ya volkano anayotembelea. Lakini usimpe mjusi jina kwa sababu tu umemkuta kisiwa fulani. Mochlus pembanus jina lake ni la Pemba, na bado anapatikana pwani ya bara. Mjusi husafiri hata ndani ya mzigo wa makuti.

Shelisheli kuna Trachylepis wawili wa kutofautisha. Sechellensis ni mdogo, yuko karibu kila mahali. Wrightii ni mkubwa na mnene, hukaa kwenye visiwa vyenye makundi ya ndege wa baharini, akila samaki wanaodondoshwa na mayai yaliyovunjika, na anastawi pale ambapo panya hawajafika.

Vitabu vya zamani vitakuchanganya. Mijusi ya Trachylepis ilikuwa ikiitwa Mabuya hadi 2002 na 2003, jenasi hiyo ilipogawanywa na jina Mabuya likabaki upande wa Amerika. Ukikuta Lygosoma pembanum, ni Mochlus pembanus yuleyule: jenasi imebadilika, na mwisho wa jina ukafuata jinsia ya neno jipya. Mabano nayo yana maana. Trachylepis maculilabris (Gray, 1845) inakuambia kwamba Gray, aliyempa jina mwaka huo, alimweka kwenye jenasi nyingine, wengine wakamhamisha. Pasipo mabano, mjusi bado yuko alipowekwa.

Kumshika: saa mbili hadi saa nne asubuhi, akiwa anaota jua na bado hajachangamka. Usimshike mkia, utabaki nao mkononi ukirukaruka. Mbane mabegani kwa kidole gumba na cha shahada, bila kukandamiza kifua. Kama mikono ina dawa ya mbu, ioshe kwanza. Mtie kwenye mfuko wa kitambaa, kivulini. Mfuko wa plastiki juani unamuua kwa dakika chache. Wa kwenye majani makavu mtafute kwa kufukua kwa mikono, na kila gogo ulilogeuza lirudishe lilivyokuwa.

Pima kutoka ncha ya pua hadi tundu la haja, kamwe usijumlishe mkia. Mkia uliokatika huota upya, mfupi zaidi, wa rangi moja na wenye magamba tofauti, na unaweza kumpotosha mpimaji. Piga picha nne: kichwa kwa ubavu, kichwa kwa juu, mgongo mzima pamoja na rula, na nyayo. Kisha mwachie palepale ulipomtoa.

Kuchukua kielelezo cha kuhifadhi kunahitaji kibali, na kila kimoja kiwe na karatasi yake: kisiwa, ufuko au kijiji, tarehe, alikuwa juu ya nini. Iandike kwa penseli. Wino wa kalamu ya kawaida huyeyuka ndani ya spiriti, na mwaka mmoja baadaye unabaki na mjusi asiye na kwao.