Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuirudisha Kompyuta ya Zamani Katika Hali ya Kiwandani

Laptopu nyingi za enzi za Windows Vista na Windows 7 ziliuzwa bila diski za kuwekea mfumo. Badala yake, mtengenezaji alitenga patisheni ndogo, yaani sehemu iliyogawanywa katika diski ya kompyuta yenyewe, mara nyingi ya GB 10 hadi 20, akahifadhi humo nakala ya Windows pamoja na draiva zake, yaani programu zinazoendesha vifaa vya kompyuta; nakala hiyo ndiyo hutumika kuirudisha kompyuta katika hali ya kiwandani. Hakikisha kwanza kwamba patisheni hiyo bado ipo, kwa kuandika diskmgmt.msc katika kisanduku cha kutafutia na kuangalia mgawanyo wa diski. Ikiwa diski ilishabadilishwa, au fundi aliwahi kupiga Windows upya akafuta kila kitu, huna cha kurudisha.

Chomeka chaja, hata kama betri imejaa. Ipige picha stika iliyo chini ya kompyuta yenye ufunguo wa Windows wa herufi na tarakimu 25, kwa kuwa utauhitaji urejeshaji ukikwama. Kitufe cha kuanzisha urejeshaji, kinachobonyezwa kompyuta inapowaka, hutegemea aina ya kompyuta: HP nyingi hutumia F11, Asus F9, Acer Alt pamoja na F10, na Toshiba za wakati huo hutaka ushikilie sifuri huku ukiiwasha.

Sasa nizungumzie diski D, nami naomba usome taratibu. Mafundi wetu wamezoea kuigawa diski sehemu mbili, C yenye Windows na D, na kumwambia mwenye kompyuta aweke kazi zake D, ili C ikiharibika zisalimike. Ushauri huo ni sahihi fundi anapopiga Windows kwa mkono, lakini urejeshaji wa kiwandani unaweza kuirudisha diski nzima katika mgawanyo iliotoka nao kiwandani, ambamo D yako haikuwamo. Mwaka 2016 jirani yangu, mwalimu mstaafu, aliniletea laptopu iliyokuwa nzito mno kufanya kazi. Nilimuuliza vitu vyake viko wapi, akajibu, "Viko D, mwanangu," nami nikaridhika. Kioo kilionyesha njia tatu za kurejesha, na mojawapo ilisema wazi kwamba haitagusa mgawanyo wa diski; mimi nilichagua ya juu kabisa bila kusoma maelezo. Kazi ilipokwisha nilifungua Computer nikakuta C peke yake. Maazimio ya kazi ya miaka 11 na folda aliyoiita MAMA, yenye picha za marehemu mama yake, vilikuwa vimeondoka. Kwa PhotoRec, programu ya kufufua mafaili yaliyofutwa, nilipata sehemu ya picha hizo, zikiwa zimepoteza majina na kubaki na namba tupu, na mwalimu alikaa nami siku mbili akizitambua moja moja.

Kwa hiyo nakili kila kitu, C na D, kwenye diski ya nje, ufungue mafaili kadhaa kwenye kompyuta nyingine kuthibitisha kwamba yanasomeka, kisha uichomoe diski hiyo kabla ya kuanza. Weka pia draiva ya Wi-Fi na kivinjari kinachokubali mfumo huo kwenye flashi, kwani Internet Explorer 8 inayorudi na Windows 7 haifungui tovuti nyingi za leo. Kumbuka kuwa Microsoft iliacha kuihudumia Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, hivyo usiingie humo kwenye akaunti ya benki. Soma kila ukurasa hadi mwisho kabla ya kukubali, usiianze kazi hii usiku ukiwa umechoka, wala siku ambayo mgao wa umeme umetangazwa mtaani kwenu.