Jinsi ya kumwombea nafasi ya shule mtoto mwenye usonji, kwa wazazi wa Mtwara na Lindi

Uandikishaji wa darasa la awali na la kwanza kwa kawaida huanza Oktoba. Oktoba huku kwetu ni korosho: tuko shambani tangu alfajiri, jioni tunauliza bei ya mnada. Mzazi anayesubiri mpaka korosho ziishe hujikuta anazunguka ofisi Desemba, na mtoto mwenye usonji (autism, hali ya ukuaji wa ubongo inayogusa mawasiliano na tabia) ana ofisi nyingi za kupitia kuliko mwenzake. Kwa hiyo anza Juni au Julai. Nayasema haya kama mama aliyepoteza mwaka mzima.

Kabla ya ofisi yoyote: daftari

Usonji hauonekani kwa kipimo cha damu wala picha ya eksirei. Mtaalamu huutambua kwa kumtazama mtoto na kumuuliza anayeishi naye. Dakika chache ndani ya chumba kigeni hazitoshi kumwonyesha mtoto wako alivyo, kwa hiyo mpelekee maisha yake yameandikwa.

Nunua daftari dogo. Kwa wiki mbili andika kila siku, na tarehe. Akiitwa jina anageuka? Ananyoosha kidole kukuonyesha kitu, au anakushika mkono na kukuvuta? Maneno yake ni yapi, na je, anarudia ulichosema wewe? Andika anachokula na anachokataa, usingizi, choo, kama hutoroka. Mimi niliandika hivi: "Jumanne. Mashine ya kusaga ilipowashwa alijiziba masikio, akaingia chini ya kitanda. Alitoka nilipompa kipande chake cha kitenge." Andika na anayoyaweza. Mwanangu alikuwa akipanga mbegu za korosho kwa ukubwa bila kukosea hata moja, na sentensi hiyo ndiyo aliyoisoma mwalimu mara mbili.

Karatasi

Cheti cha kuzaliwa kwanza. Kama bado hajafikisha miaka 5, husajiliwa na kupewa cheti bila malipo kwenye kituo cha afya au ofisi ya kata. Akishapita umri huo, nenda ofisi ya wilaya ya RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo. Kadi ya kliniki usiitupe, ina historia yake tangu uchanga. Kisha chukua barua ya utambulisho kwa mtendaji wa kijiji au mtaa, na hapohapo omba mtoto aandikwe kwenye orodha ya watu wenye ulemavu. Wako wazazi wanaoona haya kwenye hatua hii, kwa sababu jirani ameshasema mtoto karogwa au mama kamdekeza. Usonji hautokani na uchawi wala malezi. Mtoto huzaliwa nao. Mwandikishe.

Hospitali

Anzia zahanati yako, omba barua ya rufaa. Kwa Mtwara hospitali ya rufaa ya mkoa ni Ligula, kwa Lindi ni Sokoine. Omba masikio yapimwe kabla ya yote, maana mtoto asiyesikia naye hageuki akiitwa, na msaada wake ni tofauti kabisa. Kama huduma haipo hapo, omba rufaa ya kwenda mbele. Toa daftari bila kusubiri kuulizwa. Unapopewa ripoti, isome kabla hujatoka: iwe na jina kamili la mtoto, kilichogunduliwa, msaada anaohitaji, sahihi na muhuri. Ripoti iliyoandikwa "ana tatizo la akili" tu haitamsaidia mwalimu. Omba kwa adabu ifafanuliwe.

Halmashauri

Hapa mlango ni wa Afisa Elimu Maalumu, na Afisa Ustawi wa Jamii ni wa kumwona siku hiyohiyo. Peleka barua hii, nakala mbili:

*Mkurugenzi Mtendaji,*
*Halmashauri ya …*

*Kupitia kwa Afisa Elimu Awali na Msingi*

*YAH: OMBI LA UPIMAJI NA NAFASI YA SHULE KWA MTOTO MWENYE USONJI*

*Mimi ni mzazi wa …, aliyezaliwa tarehe …, mkazi wa kijiji cha … Naomba mtoto wangu afanyiwe upimaji wa kielimu na apangiwe shule yenye msaada unaomfaa kuanzia Januari. Haongei kwa sentensi, lakini anaelewa maelekezo mafupi na picha. Kelele za ghafla humwumiza. Naambatisha cheti cha kuzaliwa, ripoti ya hospitali na maelezo ya maisha yake ya kila siku.*

Nakala moja wabaki nayo, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo. Muhuri huo ndio utakaouonyesha ukiambiwa barua haikufika.

Siku ya upimaji mpeleke asubuhi, ameshiba, na kitu chake cha kumtuliza. Asipofanya jambo analolifanya nyumbani, sema. Upimaji ndio utakaopendekeza akae darasa la kawaida kwa msaada au kitengo cha elimu maalumu. Uliza sababu ya pendekezo, na shule iko umbali gani na kwenu.

Ukikataliwa

Mwaka wa kwanza mwalimu mkuu mmoja alimtazama mwanangu na kuniambia, "Mama, mrudishe akishaweza kuongea." Nikarudi nyumbani. Leo nisingerudi. Kuongea si sharti la kuandikishwa. Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Na. 9 ya 2010, inampa haki ya elimu sawa na wenzake, na elimu ya msingi katika shule za serikali hutolewa bila ada. Omba ukataaji huo uandikwe kwenye karatasi, uipeleke kwa Afisa Elimu Maalumu pamoja na barua yako yenye muhuri. Wengi wanaokataa kwa mdomo hawataki kukataa kwa maandishi.

Akishapata

Omba ruhusa ya kumpeleka shuleni Desemba, madarasa yakiwa matupu. Mwonyeshe kiti chake, choo, bomba la maji, njia ya kurudi. Mpe mwalimu ukurasa mmoja kutoka kwenye daftari. Kengele ya shule yetu ni ringi ya gari iliyotundikwa mwembeni, na ndiyo niliyoiogopa kuliko yote. Mwalimu wake mpya alimpa nondo, akamwachia aigonge mwenyewe, polepole, siku tatu mfululizo. Januari ilipogongwa na mtu mwingine alijiziba masikio, akabaki kwenye kiti.