Wiski ya mahindi: kichwa, moyo na mkia

Bourbon, wiski ya Marekani, lazima itokane na nafaka ambayo angalau 51% ni mahindi. Kiwanda cha familia kule Kentucky chenye mtambo wa shaba wa lita 500 kinaweza kuanza na lita 400 za maji, kilo 70 za unga wa mahindi, 16 za rai (nafaka jamii ya ngano) na 14 za kimea cha shayiri. Kibali cha serikali kuu kitangulie; kukeneka bila hicho ni kosa, hata jikoni kwako.

Pika mahindi kwenye nyuzijoto 90 kwa saa nzima, ukikoroga kama uji wa shughuli. Kilo moja ya kimea itiwe mwanzoni, uji usigande. Rai iingie kwenye 70, kimea kilichobaki kwenye 64. Ukikitia uji ungali na 80, vimeng'enya hufa na wanga haugeuki sukari. Dondoshea uji kidogo tone la ayodini kisahanini: ukiwa buluu-nyeusi, wanga ungalipo. Poza hadi 30, tia hamira, acha siku nne.

Keneka mara mbili. Mara ya kwanza chunga tu makapi yasishike chini. Ladha ya kuungua haitoki tena. Mara ya pili kinga kwa chupa za nusu lita, ukiziandika namba. Lita ya kwanza mwaga: inanuka dawa ya kufutia rangi ya kucha. Kinachofuata bado ni kichwa, yaani sehemu ya mwanzo, kikali puani, kisha moyo, sehemu ya kuhifadhi, utamu wa mahindi. Mkia, sehemu ya mwisho, hunuka boksi lililoloa, mara nyingi kilevi kikikaribia 60%. Usiamue papo hapo moyo unaanzia na kuishia chupa ipi. Pua iliyoshinda kwenye mvuke hudanganya. Funika chupa kwa kitambaa, kesho yake chota kidogo kila moja, punguza kwa maji hadi 30%, nusa. Yenye shaka irudi kwenye mpiko ujao.

Wiski ikiingia pipani, kilevi kisizidi 62.5%. Pipa liwe jipya, la mwaloni uliochomwa ndani. Lijaze maji ya moto siku nzima mbao zivimbe, la sivyo litavuja. Pipa la lita 20 hutoa rangi upesi, lakini mbao humeza ladha ya mahindi. Onja kila mwezi.

Chumba cha kuonjea kinahitaji glasi za mdomo mwembamba, mililita 15 kila moja, kuanzia isiyo kali. Mgeni anuse mdomo ukiwa wazi kidogo, pua isiungue. Weka jagi la maji na ndoo ya kumwagia, wala usinune ndoo ikitumika.