Kabla ya kujaza fomu ya uraia wa Kenya, mpigie shangazi simu

Karatasi itakayokuchelewesha si yako, ni ya mzazi wako. Aliyezaliwa nje, Leeds Uingereza au Minneapolis Marekani, hahangaiki kupata cheti chake cha kuzaliwa. Kazi ni kuthibitisha kwamba mama au baba aliyeandikwa humo ndiye yule Mkenya unayemdai.

Sheria yenyewe iko upande wako. Kifungu cha 14 cha Katiba ya 2010 kinamtambua mtoto kuwa raia wa kuzaliwa ikiwa mama au baba yake ni raia, awe amezaliwa Kenya au nje, na kinawahusu hata waliozaliwa kabla yake. Zamani aliyezaliwa nje alirithi kwa baba tu. Kwa hiyo kama mamako aliwahi kuambiwa kwamba watoto wake hawahesabiki, jibu hilo limeshapitwa na wakati. Babu na nyanya ni habari nyingine: Kenya inamtazama mzazi, na karatasi zao zitakufaa tu pale mzazi mwenyewe anapokosa zake. (Katiba ya Uganda inakubali hata babu au nyanya. Tanzania hairuhusu mtu mzima kushika uraia pacha, kwa hiyo pima hilo kwanza.)

Sasa shangazi. Usimwulize shangazi babako alizaliwa lini, maana atakwambia ni wakati wa Emajensi, ile hali ya hatari ya enzi ya ukoloni, na hiyo ni miaka saba na zaidi, 1952 hadi 1960. Muulize babako alibatizwa wapi, alisoma shule gani ya msingi, aliitwa nani shuleni, chifu wao alikuwa nani. Kila jibu lina daftari lake mahali fulani. Wengi waliozaliwa vijijini kabla ya miaka ya 1970 hawakusajiliwa kabisa, na daftari la ubatizo la parokia ndilo hubaki likitaja mtoto na wazazi wake kwa pamoja. Kwa msajili wa vizazi, cheti cha ubatizo, barua ya chifu na kitambulisho vinaweza kusaidia usajili wa kuchelewa.

Halafu majina. Mamangu ni Wanjiru kwenye kitambulisho, Wanjiro kwenye ubatizo, na kwenye cheti changu cha kuzaliwa ameandikwa kwa jina la babangu tu, Wanjiru halimo kabisa. Nilipeleka kiapo cha maandishi (affidavit) cha tahajia moja, nikarudishwa. Nikaleta cha pili, nikarudishwa tena kwa sababu ya jina la ndoa. Fanya hivi mapema: chora jedwali, kila karatasi na mstari wake, jina lilivyoandikwa herufi kwa herufi, tarehe, mahali. Kisha mwombe wakili aandike kiapo kimoja kinachotaja tahajia zote na kusema ni za mtu mmoja, na uambatishe cheti cha ndoa.

Kama mzazi alichukua uraia wa nchi nyingine kabla ya 2010, tafuta cheti chake cha uraia huo na uilinganishe tarehe yake na siku uliyozaliwa. Wakati huo Mkenya aliyejiunga na nchi nyingine alipoteza wa kwake, ingawa sasa anaweza kuomba kurudishiwa. Usiifiche tarehe hiyo, itaonekana tu.

Kama amefariki, utahitaji cheti cha kifo, na hapa watu wengi huumia: kitambulisho cha marehemu hurudishwa kwa msajili wakati kifo kinaposajiliwa. Uliza kama kuna aliyekipiga picha kabla ya mazishi.

Usitie laminesheni kitu chochote, muhuri ukaguliwe. Nakala za asili zisafiri na mtu unayemjua. Na ukimaliza maswali yote, mwombe shangazi afungue lile sanduku la bati chini ya kitanda, akuonyeshe kwa video karatasi moja moja. La shangazi yangu lilikuwa na kadi ya kliniki ya 1951, imekunjwa ndani ya risiti ya karo.