Somo: Tovuti 14, dashibodi moja

Natunza tovuti 14 za WordPress (programu ya kuundia tovuti), Kisumu hadi Busia: shule, hoteli, sacco, duka la vipuri pale Kondele. Zamani Jumatatu nzima iliishia kuingia moja, kutoka, kuingia nyingine. Stima ikipotea katikati, sijui nilifika wapi.

Watu huchanganya njia mbili za kusimamia tovuti nyingi kutoka mahali pamoja. Multisite, iliyo ndani ya WordPress tangu toleo la 3.0 mwaka 2010, huweka tovuti zote kwenye hifadhidata moja. Inafaa shirika moja lenye matawi. Kwa wateja mbalimbali, la: mmoja akitaka kuhama, kumng'oa ni jasho. Njia ya pili ni MainWP, plagini (programu ndogo ya kuongezea WordPress) inayoacha kila tovuti kwake, wewe unashika rimoti tu. Ndiyo tunayoifuata.

1. Sakinisha WordPress mpya, tupu, kwenye subdomeni yako (tawi la anwani ya tovuti yako). Weka plagini ya MainWP Dashboard.

2. Kila tovuti ya mteja iwekee MainWP Child, uiwashe.

3. Rudi kwenye dashibodi, uziongeze moja moja.

4. Kabla ya kusasisha chochote, chukua bekapu, na isikae kwenye seva ileile. Hapa nilichomeka. Niliona masasisho yamejaa, nikabonyeza yote kwa mkupuo. Plagini moja ikagombana na toleo la zamani la PHP (lugha inayoendesha WordPress), tovuti nne zikawa nyeupe pe. Mwenye hoteli alinipigia chai ikiwa bado moto. Siku hizi naanza na tovuti yangu, nangoja siku mbili, kisha zile ndogo. Zenye malipo ya M-Pesa huwa mwisho, tena si Ijumaa.

5. Washa uthibitisho wa hatua mbili. Anayeiba dashibodi ameiba zote 14.

MASWALI

– Mkubwa, niko Kakamega, natumia bando ya simu. Haitanimaliza?
Plagini hupakuliwa na seva, si simu yako. Ila usifunge ukurasa kabla orodha haijaisha.

– Nina wateja wawili wa Joomla, wataingia?
Hawaingii. Hii ni ya WordPress pekee.

– Mteja amekataa kulipa miezi mitatu. Naweza kumzimia tovuti kutoka hapo?
Uwezo unao, ndugu, lakini usifanye hivyo. Mwondoe kwenye dashibodi, umkabidhi nywila zake, deni mdai kando. Kama domeni uliisajili kwa jina lako, hapo tuko wawili. Nami bado nazirekebisha zangu.